Sentensi moja, kura 51: Congress inavyozika kanuni za rais aliyeondoka

Desemba 1975, Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipiga kura ya kumfukuza nchini mtu aliyezaliwa Kenya. Jina lake Jagdish Rai Chadha, mtoto wa wazazi wa Kihindi, pasipoti yake ya Uingereza. Aliingia Marekani mwaka 1966 kusoma, viza ikaisha 1972, akabaki. Jaji wa uhamiaji alimsikiliza, akaona ni mtu wa tabia njema na kwamba kumtimua kungemtesa kupita kiasi, akasimamisha mpango wa kumwondoa. Shauri lingeishia hapo, ila sheria ya wakati huo iliruhusu baraza moja tu kati ya mawili ya Congress, yaani bunge la Marekani, kutengua uamuzi wa namna hiyo. Mwenyekiti wa kamati ndogo akaleta orodha ya watu 6 waliochujwa kutoka majalada 340, Chadha akiwamo. Azimio halikuchapishwa ili wabunge walisome, halikujadiliwa, wala kura hazikuhesabiwa kwa majina. Likapita.

Chadha alikwenda mahakamani, na kesi ikachukua miaka. Tarehe 23 Juni 1983 Mahakama ya Juu ya Marekani ikampa ushindi, majaji 7 kwa 2. Hoja ya majaji ilikuwa nyepesi kuisema: Congress ikitaka kubadilisha haki za mtu, itunge sheria. Na sheria hupita mabaraza yote mawili, kisha hupelekwa kwa rais atie saini au aikatae kwa kura ya turufu. Njia ya mkato hakuna. Siku hiyo vifungu vya aina ile vilivyokuwa vimetapakaa katika karibu sheria 200 vilipoteza meno.

Nimeanza na kijana huyu wa Kenya kwa sababu ndiye aliyeilazimisha Congress kubuni chombo kingine, na chombo hicho ndicho kinachotajwa kila mara chama kipya kinapoingia madarakani Washington na habari zikasema “wabunge wamefuta kanuni za rais aliyepita”. Msomaji wa mbali hubaki anajiuliza: wamefutaje? Mbona kanuni nyingine za rais yuleyule zinabaki palepale miaka yote?

Kwanza tukubaliane kanuni ni nini. Congress hutunga sheria kwa maneno mapana: hewa iwe safi, mabenki yasiwapunje wateja, mfanyakazi asiumie kazini. Hewa safi ni ya kiwango gani, ada gani ni kupunja, hayo huachiwa taasisi za serikali kama Shirika la Kulinda Mazingira, ambazo huandika kanuni zenye nguvu ya sheria. Kwetu Tanzania huitwa sheria ndogo, na Bunge la Dodoma lina kamati nzima ya kudumu kwa ajili yake. Kenya wana sheria ya mwaka 2013 inayotaka kanuni iwasilishwe bungeni ndani ya siku 7 za vikao, la sivyo inakuwa batili. Wazo ni lilelile: aliyemtuma mtu dukani ana haki ya kuangalia chenji.

Marekani, kanuni kubwa haiandikwi kwa wiki. Kwa sheria ya mwaka 1946, taasisi hutangaza rasimu katika gazeti rasmi la serikali, wananchi na makampuni hutoa maoni, taasisi huyasoma na kuyajibu, kisha hutangaza kanuni ya mwisho pamoja na sababu zake. Kwa kanuni nzito, miaka miwili si mingi. Kila mwaka hutoka kanuni kama 3,000 hivi, nyingi ndogo sana, za kufungua daraja fulani la mtoni au kubadilisha njia ya ndege.

Sasa rais mpya ameingia, anazichukia kanuni za mwenzake. Anaweza kusaini amri siku ya kwanza, kalamu nene, kamera zote zimemwelekea. Hapa ndipo wengi hukosea: amri ile haifuti kanuni iliyokwisha kuanza kutumika. Inaiagiza taasisi ianze safari ya kuifuta, na safari ya kufuta ni ndefu sawa na ile ya kutunga. Rasimu, maoni, majibu, sababu.

Sababu ndizo zenye kazi. Serikali ya Reagan ilijaribu mwaka 1981 kuifuta kanuni iliyotaka magari yawe na mikanda inayojifunga yenyewe au mifuko ya hewa. Makampuni ya bima yakashitaki. Mahakama ya Juu ikaiambia serikali kwamba ukifuta kanuni lazima ueleze kwa akili na ushahidi kwa nini unaifuta. Kubadilika kwa rais peke yake hakutoshi. Hukumu hiyo ilitoka tarehe 24 Juni 1983. Angalia tarehe vizuri: kesho yake baada ya hukumu ya Chadha. Kwa saa 24 mlango wa Congress ulifungwa na mlango wa rais ukawekewa komeo.

Kwa miaka 13 mambo yakakaa hivyo. Mwaka 1994 Warepublican wakashinda mabaraza yote mawili wakiwa na ahadi ya kukata kanuni, na Machi 1996 Bill Clinton, rais wa Kidemokrati, akasaini sheria ya Congress kupitia upya kanuni. Ilikuwa imefichwa ndani ya muswada mkubwa uliohusu pia ukomo wa deni la taifa. Katika Seneti, baraza la pili la Congress, ilisukumwa na Don Nickles, Mrepublican, na Harry Reid, Mdemokrati. Wakati huo haikuwashtua wengi.

Nadhani haikuwashtua kwa sababu waliisoma kama sheria ya utaratibu tu. Inasema taasisi ikimaliza kanuni iipeleke kwa mabaraza yote mawili na kwa ofisi ya ukaguzi ya Congress. Wabunge wakichukizwa nayo, wanaleta azimio la pamoja la kuikataa. Maneno ya azimio hayabuniwi, yameandikwa ndani ya sheria yenyewe, nawe unajaza nafasi zilizoachwa wazi kama fomu ya kufungulia akaunti: Congress inaikataa kanuni iliyowasilishwa na taasisi fulani kuhusu jambo fulani, na kanuni hiyo haitakuwa na nguvu yoyote. Sentensi moja. Marekebisho hayaruhusiwi, kurekebisha kipengele kimoja na kuacha kingine hakuruhusiwi. Kanuni inakwenda nzima au inabaki nzima.

Somo la Chadha limezingatiwa: azimio linapita mabaraza yote mawili na linakwenda kwa rais. Kikatiba liko salama. Utamu wake uko Seneti. Muswada wa kawaida kule unaweza kuzuiwa na wachache kwa mjadala usiokwisha, hivyo unahitaji kura 60 kati ya 100 ili ufike kwenye kura yenyewe. Azimio hili limeepushwa na kikwazo hicho. Maseneta 30 wakisaini, linatolewa kamatini likiwa limekaliwa siku 20. Mjadala wake hauzidi saa 10. Kisha kura 51 zinatosha.

Lakini fikiria kidogo. Azimio lazima lisainiwe na rais, na kanuni zimetungwa na taasisi za rais huyohuyo. Nani atasaini kaburi la mwanawe? Akikataa, Congress inahitaji theluthi mbili kila baraza, na hizo hazipatikani. Barack Obama alipelekewa maazimio 5 ya aina hii, akayakataa yote, na kanuni zikaendelea kuishi. Chombo hiki basi hakifanyi kazi siku za kawaida. Kinahitaji rais mmoja aondoke, wa chama kingine aingie, na chama chake kishike Baraza la Wawakilishi na Seneti pia. Tangu 1996 hali hiyo imetokea 2001, 2009, 2017, 2021 na 2025.

Na hata hapo hakigusi kanuni zote za mtangulizi, ila zile za dakika za lala salama tu. Congress hupewa takriban siku 60 tangu kanuni iwasilishwe. Kanuni ikiwasilishwa siku 60 za mwisho za mwaka wa vikao, saa inarudishwa mwanzo: inahesabiwa kana kwamba imefika siku ya 15 ya vikao vipya. Na siku zenyewe si za kalenda. Seneti huhesabu siku za vikao, Baraza la Wawakilishi siku zake za kutunga sheria. Mwaka wa uchaguzi wabunge hukaa majimboni wakiomba kura. Agosti yote hawapo, Oktoba hawapo. Ukirudi nyuma kwa siku 60 za namna hiyo kutoka Januari, unajikuta umefika Agosti, pengine Julai. Tarehe hasa haijulikani mpaka Congress iahirishe, kwa hiyo wanasheria wa taasisi hukisia na kukimbia. Ndiyo maana taasisi za Joe Biden zilimwaga kanuni nzito mfululizo Aprili 2024, miezi 7 kabla hata ya uchaguzi.

Mara ya kwanza chombo kilipotumika ni Machi 2001. Idara ya usalama kazini, ambayo kifupi chake ni OSHA sawa na wakala wetu wa Tanzania, ilikuwa imetoa kanuni ya kuwalinda wafanyakazi dhidi ya maumivu ya mgongo, mabega na vifundo vya mikono yanayotokana na kazi ya kurudia mwendo uleule siku nzima: kukata nyama kiwandani, kupakia mizigo, kupiga chapa. Kazi ya kuiandaa ilianza 1990, chini ya Elizabeth Dole, waziri wa kazi wa Bush baba, Mrepublican. Ikatangazwa Novemba 2000, ikaanza Januari 2001. Seneti ikaikataa 56 kwa 44, siku iliyofuata Baraza la Wawakilishi 223 kwa 206, na tarehe 20 Machi Bush mwana akasaini. Miaka kumi ya kazi iliondoka ndani ya wiki tatu.

Hapa ndipo penye kifungu ambacho, kwa maoni yangu, ndicho roho ya sheria nzima. Kanuni ikishakataliwa hivi, huhesabiwa kana kwamba haikuwahi kuwapo, na taasisi haina ruhusa kuitoa tena ikiwa “kwa kiasi kikubwa ni ileile”, mpaka Congress itunge sheria mpya ya kuiruhusu. Ileile kwa kiasi gani? Sheria haisemi. Mahakama nazo zimefungiwa mlango: kifungu kingine kinasema hatua zilizochukuliwa chini ya sheria hii hazipitiwi na mahakama. Matokeo yake ni hofu. Tangu 2001 wamepita marais wawili wa Kidemokrati, Obama na Biden, na OSHA haijathubutu kuirudisha kanuni ile.

Baada ya hapo chombo kilikaa kabatini miaka 16. Kilipotolewa 2017, kanuni ya kwanza kuanguka ilitugusa sisi moja kwa moja, ingawa huku wachache walisikia.

Mwaka 2010, katika sheria kubwa ya mabenki iliyotokana na msukosuko wa uchumi, maseneta Ben Cardin wa Demokrati na Richard Lugar wa Republican walipenyeza kifungu kuhusu makampuni ya mafuta, gesi na madini yaliyoorodheshwa katika masoko ya hisa ya Marekani. Yatangaze kila mwaka fedha yanazolipa serikali za nchi yanakochimba: mrabaha, kodi, ada za leseni, bonasi za kusaini mkataba. Chukua ExxonMobil, mbia katika kitalu namba 2 cha gesi kwenye kina cha bahari ya Tanzania, au kampuni yoyote ya Marekani inayochimba Kongo. Mwananchi wa Lindi au Kolwezi angefungua tovuti, aone kampuni imelipa kiasi gani kwa mradi fulani, kisha amuulize mbunge wake fedha zimekwenda wapi. Kazi ya kuandika kanuni ilipewa tume inayosimamia masoko ya hisa. Kanuni ya kwanza, ya 2012, ilifutwa na mahakama. Ya pili ilitoka Juni 2016, ikitaka kila malipo ya dola 100,000 au zaidi yaonyeshwe mradi kwa mradi.

Tarehe 1 Februari 2017, siku ambayo Rex Tillerson, aliyekuwa mkuu wa Exxon, alithibitishwa kuwa waziri wa mambo ya nje, Baraza la Wawakilishi likaikataa. Seneti ikafuata alfajiri ya tarehe 3, kura 52 kwa 47. Donald Trump akasaini tarehe 14. Hoja ya waungaji mkono ilikuwa kwamba kanuni inayabebesha makampuni ya Marekani gharama na kuwaanikia washindani siri zao. Hoja hiyo ina uzito kiasi, ila Ulaya na Kanada zilikuwa tayari na sheria zinazofanana, na makampuni yao yaliendelea kuchimba.

Kisha likaja fumbo. Kanuni imekufa, lakini kifungu cha 2010 kiko hai. Nacho kinaiamuru tume kutoa kanuni. Tume ikajikuta inalazimishwa na sheria moja kuandika na inakatazwa na nyingine kuandika kile kilekile. Ilichukua karibu miaka minne. Desemba 2020 ikatoa kanuni ya tatu, ambamo malipo yanaweza kujumlishwa kwa aina ya rasilimali, namna ya uchimbaji na ngazi ya nchi au mkoa. Mradi mmoja mmoja hauonekani tena. Mwananchi wa Kolwezi sasa anapewa jumla, na jumla haimsaidii kuuliza swali lolote lenye jina la mgodi.

Nimeikalia kanuni hii moja kwa sababu inaonyesha kinachofanyika vizuri kuliko orodha. Orodha yenyewe ni ndefu: mwaka ule Warepublican walizika kanuni 14 za Obama kufikia Mei, zikiwamo ya kulinda vijito dhidi ya migodi ya makaa ya mawe na ya faragha ya wateja wa intaneti. Si zote zilizoanguka, lakini. Kanuni ya kuzuia gesi ya methani isivujishwe kwenye ardhi ya umma ilinusurika Mei 10 kwa kura 51 kwa 49, John McCain akiwashangaza wenzake wa chama kwa kupiga kura ya hapana. Oktoba hiyohiyo, kanuni iliyowaruhusu wateja wa mabenki kuungana kushitaki kwa pamoja ilikwama 50 kwa 50, makamu wa rais Mike Pence akaja kuvunja sare, nayo ikaenda.

Wademokrati walipopata zamu yao 2021, walitumia chombo mara 3 tu. Wapo waliosema ni woga. Mimi naona ni hesabu. Ukiwa unataka kanuni kali zaidi kesho, kifungu cha “ileile kwa kiasi kikubwa” ni mtego hata unapofuta kanuni dhaifu ya mpinzani, maana hujui mpinzani atadai nini mahakamani kuhusu kanuni yako mpya. Anayetaka kupunguza kanuni hana shida hiyo. Chombo ni kimoja, mikono ni miwili, lakini kimechongwa kumfaa mmoja zaidi.

Kipya zaidi ni kwamba mpaka wa neno “kanuni” umeanza kusogezwa. Mei 2018 Congress ilifuta waraka wa mwongozo kuhusu mikopo ya magari, waraka wa mwaka 2013. Miaka mitano! Ile hesabu ya siku 60 ilikwenda wapi? Ni kwamba taasisi haikuwahi kuuwasilisha, ikiamini mwongozo si kanuni. Ofisi ya ukaguzi ikaulizwa, ikajibu kuwa ni kanuni, na siku zikaanza kuhesabiwa upya tangu jibu hilo. Kwa miaka mingi taasisi za Marekani zimetoa nyaraka kama hizo kwa maelfu bila kuzipeleka popote.

Mwaka 2025 hatua ikawa kubwa zaidi. Trump alisaini maazimio zaidi ya 15, likiwamo lililofuta kanuni iliyoyabana mabenki makubwa kutoza takriban dola 5 tu mteja anapopitiliza salio lake. Matatu kati yake yaliilenga California. Tangu 1967 jimbo hilo limekuwa likiomba kibali maalumu cha serikali kuu ili liweke viwango vyake vya moshi wa magari, vikali kuliko vya taifa, na majimbo mengine huviiga. Kibali kimoja kilichotolewa na serikali ya Biden kiliruhusu mpango wa kumaliza uuzaji wa magari mapya ya petroli pekee kufikia 2035. Ofisi ya ukaguzi ilisema kibali si kanuni. Mshauri wa taratibu za Seneti, ambaye hana chama na ambaye maneno yake kwa kawaida hufuatwa, aliafiki hivyohivyo. Safari hii Seneti haikumfuata. Tarehe 22 Mei ikapiga kura 51 kwa 44, na Juni 12 Trump akasaini. Siku hiyohiyo California na majimbo mengine 10 yakaenda mahakamani, ambako swali la kwanza ni lile la mlango: je, kifungu kinachozuia mahakama kupitia hatua hizi kinafunika hata kitu ambacho hakikuwa kanuni tangu mwanzo?

Wanasheria wa pande zote wanalisubiri jibu wakiwa na kalamu mkononi. Serikali kuu ya Marekani hutoa vibali vya kila aina: vya kuchimba gesi, kupitisha mabomba, kukodisha vitalu baharini. Kibali cha California kikihesabiwa kuwa kanuni kwa sababu tu taasisi imekiwasilisha Congress, basi kibali cha bomba la mafuta kilichosainiwa miezi ya mwisho ya Trump nacho kinaweza kuwasilishwa na Wademokrati, siku watakapokuwa na rais wao na kura zao 51.